Mgomba Ukinyauka, Chungua Kabla ya Kukata

Mtoto mchanga akilia, mama mwenye akili hakimbilii chupa ya dawa. Kwanza hutazama kama mtoto ana njaa, kama amelowa, kama siafu amemwuma, ndipo aseme ni homa. Mmea nao hauna kinywa. Kilio chake ni kunyauka. Lakini sisi huku Mpofi, na katika nchi yote ya Masisi na Walikale, twaona watu wazima, wakulima tangu ujana wao, wakiona mgomba mmoja umelegeza majani hushika panga mara moja na kukata, bila kuuliza lolote. Wengine hawakati kabisa. Hukaa barazani wakisema ni uchawi wa jirani. Watu wa namna zote mbili hupoteza shamba, na wale wa kwanza aghalabu hupoteza na la jirani pia.

Mbele ya madarasa yetu wanafunzi wamepanda vichaka vya maua, yale ya samawati yanayopendwa na vipepeo. Mchana jua likiwa kali majani yake hulegea, na jioni, jua likitua, huwa yamesimama tena. Hiyo ni kiu tu. Lakini kichaka kimoja, kilichopandwa pale yanapomwagikia maji ya paa, kilinyauka huku udongo wake umelowa tope, wala hakikutoa ua hata moja. Mizizi yake ilikuwa inaoza. Kimoja chataka maji, kingine chataka kuondolewa maji, navyo vyote viwili hulegeza majani kwa namna moja. Twawaanzisha watoto hapo, kwa kuwa kichaka cha maua kikifa hakuna atakayelala njaa. Mgomba ukifa ni jambo jingine.

Ndugu wasomaji mlio mjini huenda mkashangaa kuona gazeti la jamaa zetu likijaza ukurasa kwa habari za migomba. Basi, sikilizeni. Maharagwe yana wakati wake, na mahindi yana wakati wake, bali mkungu wa ndizi hukatwa mwezi wowote, hata katika miezi ile mibaya ya kungojea mavuno. Ndizi za kupika hulisha nyumba. Ndizi za kukamua hutoa kasiksi, na kasiksi hununua chumvi, sabuni na madaftari. Mwalimu wa huku akitaka kujua kwa nini kijana fulani hakurudi shuleni mwanzo wa muhula, atazame kwanza migomba ya wazazi wake. Sisi tumepokea fedha za shule zilizonuka kasiksi, wala hatukuzikataa.

Ugonjwa tunaotaka kuueleza huitwa mnyauko wa migomba. Huletwa na bakteria, kijidudu mdogo mno asiyeonekana kwa macho, ambaye wataalamu humwita Xanthomonas. Habari zake ziliandikwa mwaka 1968 katika nchi ya Ethiopia, katika mmea uitwao enseti, ndugu wa mgomba, ambao wenyeji hula shina na tunguu lake, si matunda. Mwaka 1974 ikaandikwa kwamba migomba yenyewe ya huko imeshikwa. Kisha ikapita zaidi ya miaka 20, watu wakidhani ni mambo ya Ethiopia tu. Mwaka 2001 ugonjwa ukaonekana Uganda, katika wilaya ya Mukono, na mwaka huo huo ukaonekana kwetu, katika Masisi. Profesa Ndungo Vigheri wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kule Butembo, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioutambulisha. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2006. Rwanda iliuona mwaka 2005, Tanzania na Kenya mwaka 2006, Burundi mwaka 2010.

Twataja miaka hiyo kwa makusudi. Ugonjwa uliokwisha kuwako Masisi tangu mwaka 2001 hauwezi kuwa umeletwa na yule mkimbizi aliyejenga kibanda chake juzi kando ya shamba lako. Tutarudi kwenye neno hili.

Dalili zake ni hizi. Majani hugeuka manjano na kulegea, hata jani changa, kisha hukauka na kuning'inia kama yaliyobabuliwa na moto. Ikiwa mgomba umekwisha kutoa mkungu, lile ua dume, yaani kile kitumba chekundu kinachoning'inia chini ya ndizi, husinyaa na kukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, tena bila utaratibu: katika chane moja utaona hii ni ya manjano na jirani yake ni ya kijani. Ipasue moja: ndani yake mna madoa ya rangi ya kutu. Kisha likate shina lile gonjwa, ungoje kidogo, muda wa dakika 10 au 15. Hutoka usaha mzito, wa manjano hafifu, ukijikusanya kwa matone. Ukiuona usaha huo huhitaji shahidi mwingine. Watoto hutuuliza kama mtu aliyekula ndizi hizo atakufa. La, bakteria huyu ni adui wa mgomba, si wa mwanadamu. Ila ndizi zenyewe hazifai kupikwa wala kukamuliwa.

Lakini si kila mgomba uliolegea umeshikwa na mnyauko huo. Mgomba wenye kiu, wakati wa jua kali, hukunja majani yake yakiwa bado ya kijani, na ukinywa mvua hujinyosha. Mgomba uliotobolewa na fukusi, yule mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu ambaye watoto wake hula tunguu, hudhoofika, huzaa mkungu mdogo, na upepo ukija huanguka wote pamoja na tunguu. Chimba utaona mashimo. Uko pia ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu la udongoni. Huo huanza kwa majani ya chini, yale mazee, yakawa manjano kuanzia ukingoni, kisha yakavunjika na kulizunguka shina kama sketi. Mara nyingi shina hupasuka karibu na ardhi. Likatwapo huonyesha nyuzi za rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, lakini halitoi usaha, wala ndizi hazina kutu ndani.

Tena liko jambo la mgomba usiotoa ua. Watu wengi hufikiri kwamba mgomba usiozaa una njaa ya mbolea. Yawezekana. Yawezekana pia kwamba mwenyewe ameacha machipukizi 10 katika shina moja, yote yakinyang'anyana chakula, au kwamba ameupanda chini ya kivuli kizito cha miti. Katika milima yetu ya baridi mgomba huchelewa kuliko kule bondeni, na huo si ugonjwa hata kidogo. Lakini ukiona majani mapya yamesimama wima, membamba, mafupi, yenye kingo za manjano, yamesongamana juu kama ufagio, na mgomba umedumaa bila kutoa ua, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Wafaransa huuita kwa jina lenye maana ya kichwa kilichosongamana. Huletwa na virusi, na wenye kuuchukua ni vidukari weusi wanaokaa katika maficho ya majani. Katika Kongo ulitambuliwa tangu miaka ya 1950, kule Yangambi.

Kwa nini twasumbuka kupambanua hivi? Kwa sababu dawa ya mmoja ni hasara kwa mwingine. Mgomba wenye kichwa kilichosongamana hauna budi kung'olewa wote, na tunguu lake, na machipukizi yake, kwa kuwa virusi hukaa katika jamii nzima. Mgomba wenye mnyauko wa usaha, kama tutakavyoona, haudai hivyo. Na mgomba wenye kiu hautaki panga lako hata kidogo.

Sasa tufike kwenye kiini. Bakteria wa mnyauko hana mabawa wala miguu. Huhama pamoja na mche mgonjwa, na kwa hiyo mtu mwenye busara hachukui chipukizi katika shamba asilolijua. Lakini milango yake mikubwa ni miwili: kovu la ua na jeraha la panga.

Ua dume hudondosha vifuniko vyake kimoja kimoja, na kila kimoja kinapoanguka pamoja na vijiua vyake hubaki kovu bichi. Nyuki na nzi hufuata utamu wa maua hayo. Aliyetoka kwenye ua gonjwa amekwisha kuchafua miguu yake kwa usaha, naye hulikanyaga kovu la ua zima. Ndivyo ugonjwa unavyoanzia juu, katika mkungu, ukashuka shinani. Dawa ya mlango huu hainunuliwi dukani. Ni kijiti kirefu chenye panda. Chane ya mwisho inapokwisha kutokea, lishike ua dume kwa ile panda, lizungushe mpaka livunjike, uliache lianguke. Halina tena ndizi ya kutoa, na mkungu haupungukiwi na kitu. Usilikate kwa panga, maana ukifunga mlango mmoja kwa panga umefungua wa pili.

Wataalamu wameona kwamba juu milimani, kupita mita 1700 hivi, wadudu huambukiza kwa nadra sana. Huko panga ndilo mwenye hatia. Nchi ya Masisi ina vilima vingi vinavyopita kimo hicho, nayo Walikale hushuka mpaka kwenye msitu wa joto. Sisi tulio katikati ya njia hiyo ya kushuka twapaswa kuiogopa milango yote miwili.

Na tufikiri basi juu ya panga. Asubuhi mwenye shamba hukata majani ya kufunikia ndizi za kuivisha. Baadaye hupunguza machipukizi. Mchana huondoa majani makavu katika migomba 30, mmoja baada ya mwingine, akiona fahari kwamba shamba lake ni safi. Jioni jirani huja: “Baba, niazime panga, langu limevunjika mpini.” Nani atamnyima? Mgomba uliojeruhiwa kwa panga hilo hukaa wiki kadhaa, pengine miezi, bila kuonyesha lolote. Ndiyo sababu hakuna anayekumbuka siku ile. Mtu mwenye bidii ya kusafisha shamba lake huambukiza zaidi kuliko mvivu, na jambo hili huwauma sana wakulima wetu wazuri wanapolisikia kwa mara ya kwanza. Tumemwona mzee mmoja akiinuka na kuondoka katikati ya maelezo yetu. Hatukumlaumu.

Yuko pia mnunuzi wa ndizi za kasiksi. Huyu hutembea shamba kwa shamba na panga lake kiunoni, akikata mikungu kwa mkono wake mwenyewe, leo kwa fulani, kesho ng'ambo ya mto. Na katika miaka hii ya vita watu hukimbia na kuacha mashamba. Wapitao njiani hukata mikungu kwa mapanga ambayo hakuna ajuaye yametoka wapi. Shamba lisilo na mwenyewe hufuga ugonjwa kimya kimya mpaka wenyewe warudi. Hata mbuzi na ng'ombe, wakitafuna mgomba mgonjwa kisha mzima, huweza kuuhamisha. Na katika Masisi ng'ombe si wachache.

Zamani kidogo shauri lililotolewa na washauri waliopita vijijini lilikuwa moja: ng'oa jamii yote ya mgomba, mama, binti na mjukuu, pamoja na tunguu, kisha uache shamba bila migomba kwa miezi 6. Shauri hilo halikuwa upuzi. Bakteria huyu hadumu sana udongoni akikosa mgomba wa kumlisha. Ila waliolitoa hawakuwahi, twadhani, kung'oa tunguu la mgomba mzee kwa jembe la mkono, katika mteremko, na mtoto mgongoni.

Mama mmoja mjane, jirani wa shule yetu, alikuwa na jamii za migomba 40 hivi. Mume wake alimwachia hizo na watoto 5. Ugonjwa ulipoonekana katika jamii chache za upande wa mtoni, aliambiwa ang'oe upande ule wote, mizima na migonjwa. Alitujia jioni akiwa na kipande cha ndizi yenye kutu mkononi.

“Mwalimu,” alisema, “hawa watoto nitawapikia nini, udongo?”

“Mama, umeng'oa mingapi?”

“Miwili. Mgongo umekataa. Na ile ya pili ilikuwa na mkungu mzima kabisa, nimeula. Sasa nasema, kama jamii ina ugonjwa, mbona mkungu wa binti yake ulikuwa mzima?”

Swali hilo la mama asiyejua kusoma ndilo lililokuwa swali la wataalamu wenyewe. Kumbe, bakteria akiingia katika shina moja haenei upesi katika jamii yote. Machipukizi mengine hubaki mazima kwa muda mrefu, mengine hayashikwi kabisa. Kwa hiyo katika miaka ya 2010 watafiti, wakiwamo wale wa Bioversity International, walijaribu hapa kwetu Kivu njia nyingine: kukata lile shina gonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa ardhi, na kuyaacha mengine yakue. Kisha kurudi mara kwa mara, na kukata kila linaloonyesha dalili, moja moja. Haumalizi ugonjwa kwa siku moja. Waupunguza kila juma, huku watoto wakiendelea kula.

Njia hii ni nyepesi kwa mgongo, lakini ni nzito kwa subira, na ina masharti yasiyosamehe. Panga likigusa shina gonjwa, lipitishwe motoni mpaka liwe moto wa kuunguza kidole, kabla halijagusa kitu kingine. Mwenye javeli aweza kuichanganya na maji, sehemu moja ya javeli kwa 5 za maji, akalitumbukiza humo. Lakini javeli hununuliwa na moto hauna bei. Katika miezi ya kwanza ni heri kuacha kabisa kukata majani na kupunguza machipukizi, shamba likae kama kichaka, hata kama wapitao watakucheka. Maua dume yote yavunjwe kwa kijiti. Mashina yaliyokatwa yawekwe pamoja nje ya shamba, yakatwe vipande yakauke, na mbuzi wazuiliwe. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Anayekuuzia dawa ya mnyauko amekuuzia maji ya mto. Wala usitafute aina ya ndizi isiyoshikwa, maana katika ndizi tunazolima haipo. Zimo tu zinazochelewa kuliko nyingine.

Tulikubaliana na Mama kwamba wanafunzi wa darasa la juu watamsaidia kila Jumamosi, wawili wawili. Mmoja alishika kijinga cha moto, wa pili panga. Sisi tulishika daftari. Jumamosi ya kwanza mashina 11 yalikatwa. Ya pili, 9. Ya tatu, 12, na hapo Mama alitutazama kwa jicho ambalo hatutalisahau. Tukamweleza kwamba hayo yalikuwa yamekwisha kuambukizwa kabla hatujaanza, na kwamba ugonjwa uliofichika hauna budi kutoka nje kwanza. Kueleza ni rahisi. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu mikungu. Mwezi wa pili tukakata 5, kisha 6, kisha 3. Mwezi wa nne ilipita Jumamosi moja bila kukata shina lolote, na wale vijana wawili walizunguka shamba mara mbili kwa kutoamini.

Mwezi uliofuata dalili zikarudi katika migomba 4, yote kandokando ya njia. Tuliitazama: majani yake yalikuwa yamekatwa kwa panga, safi, na mtu asiyejulikana, yamkini usiku, kwa ajili ya kuezeka au kulalia. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kando ya njia hiyo ilikaa jamaa moja ya wakimbizi, waliofika kutoka vilima vya mbali baada ya mapigano. Watu wakasema ndio walioleta ugonjwa; wengine wakasema ni sumu; mzee mmoja akasema waondoke.

Sisi tulimwendea mzee huyo na lile daftari. Tulimwonyesha kwamba mashina 11 ya kwanza yalikatwa kabla wageni hao hawajajenga. Alisikiliza akivuta kiko.

“Mwalimu, daftari lako lasema kweli,” akajibu, “lakini majani yamekatwa, na wao ndio wasio na nyumba.”

“Mzee, huenda ni wao waliokata. Basi tuwaulize kwa panga gani. Na wewe, juma lile uliazima la nani?”

Alinyamaza. Alikuwa ameazima panga la jirani wa upande wa mtoni, ambaye migomba yake ilikuwa imekauka nusu. Kila mtu katika kitongoji chetu, tulipouliza nyumba kwa nyumba, alikuwa ameazima au kuazimisha panga katika miezi miwili ile. Hiyo si dhambi, ni ujirani. Lakini ujirani wa panga bila moto umemaliza migomba mingi kuliko uchawi wote unaosimuliwa.

Wageni walibaki. Mama mwenyewe aliwapa ruhusa ya kuchukua majani makavu yaliyoanguka, na akawakataza kukata mabichi. Nao wamelishika neno hilo vizuri kuliko wenyeji wengine tunaowajua. Baba yao, tuligundua baadaye, alikuwa na shamba kubwa la migomba huko alikotoka, na hivi sasa ndiye anayewafundisha vijana wetu kutengeneza kijiti cha panda kirefu cha kufikia mikungu ya juu.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni mashamba ya jirani. Mama aweza kuchoma panga lake kila Jumamosi ya maisha yake, lakini kama wa mtoni hawachomi, nyuki na mbuzi wataupitisha ugonjwa. Majirani 6 wamekubali kufanya kazi hiyo siku moja na yeye. Wawili wamekataa, wakisema kwamba kukata shina moja na kuacha jingine ni mchezo wa watoto. Wengine wawili wamehama kwa sababu ya vita, na mashamba yao yamefungwa na magugu. Tumeomba ruhusa kwa ndugu zao tuingie tuvunje maua na kukata yaliyo magonjwa, na jibu halijaja. Shamba la Mama lina jamii 36 zilizosimama. Nne zilikufa kabisa, na mahali pake sasa pana maharagwe.

Kwenye kijia cha kuingilia shambani amejenga mafiga matatu, na siku ya kukata mikungu huwasha moto hapo tangu asubuhi. Hakuna panga linaloingia bila kupita katika moto huo, liwe la mwanawe, la mwalimu au la mnunuzi. Juma lililopita alikuja mnunuzi mmoja wa kasiksi, kijana mwenye haraka, akasema yeye hana ugonjwa na panga lake ni jipya.

“Mwanangu,” Mama akamwambia, “moto ni bure.”

Kijana akacheka, akageuka, akashuka mpaka mtoni. Huko migomba ilikuwa imekauka. Baada ya muda akapanda tena, akalichomoa panga lake, akaliweka juu ya makaa.